Aliyefika Kabla ya Nduru

Jumanne, tarehe 10 Juni 2025, saa mbili na dakika kumi asubuhi, pikapu nyeupe ya Hemed Shee Bwanakombo iliingia katika boma la Jaji Nashon Rading', nje kidogo ya soko la Kosele, kaunti ya Homa Bay. Saa hiyo haina ubishi. Imo katika kamera ya langoni, polisi wanayo, na Hemed mwenyewe haikani. Watu wanabishania jambo moja tu: alijuaje?

Jaji alikuwa amefariki usiku wa kuamkia siku hiyo mjini Migori, katika chumba cha nyumba ya wageni, na hadi leo hakuna aliyesema kwa uhakika kilichomuua. Pikapu ilipoingia, mama yake mzazi, Mellen, alikuwa ameketi kwenye kigoda nyuma ya jiko akichambua mboga. Hakuwa na habari yoyote. Alimwona Hemed akishusha gunia la mchele na mfuko wa sukari, akacheka.

"Hemedi! Kuna harusi gani hapa sijaambiwa?"

Hemed hakucheka. Alimshika mkono kwa mikono yake miwili. "Pole sana, mama. Mungu amrehemu. Maziko ni saa ngapi?"

"Maziko ya nani?"

Ndipo Hemed alipotazama huku na huku. Hakukuwa na turubai wala viti. Kuku walikuwa wakidonoa maganda, na redio ilikuwa ikicheza ndani ya nyumba. Mama akarudia swali lake, safari hii amesimama, na mboga zikamwagika kutoka mapajani.

Japheth, mdogo wake jaji, alikuwa amepigiwa simu tangu alfajiri. Lakini kwa Wajaluo mama haambiwi jambo kama hilo kwa simu, wala na mtu mmoja. Japheth alikuwa akizunguka na gari kukusanya shangazi zake na mchungaji, waingie pamoja, wamkalishe mama, wamshike, kisha ndipo aambiwe. Walikuwa bado upande wa pili wa soko waliposikia nduru, lile yowe la msiba ambalo likishapigwa watu huacha majembe shambani, likitoka bomani kwao. Walifika mbio. Walimkuta mama chini, na kando yake mtu mfupi mwenye kofia ya viua, ile ya Waislamu wa pwani iliyodariziwa vitundu, amekumbatia mfuko wa sukari kama mtoto.

Hemed ana umri wa miaka arobaini na sita. Alizaliwa Siyu, katika kisiwa cha Pate, na alifika Migori mwaka 2010 akimfuata mjomba aliyekuwa na duka la vitambaa. Vitambaa havikumwingia. Akafungua hoteli ndogo ya mahamri, mbaazi na viazi vya nazi, hatua chache kutoka barabara ya Isebania, na wenyeji waliokuwa wakimcheka kwamba anatia nazi katika maharagwe wakawa ndio wanaogombania meza. Huko kwao Siyu, mtu akifa alfajiri, alasiri ameshazikwa. Anayengoja kuletewa habari rasmi hukuta kaburi limefukiwa. Hemed ameketi katika matanga mengi ya Wajaluo, na anajua vizuri kwamba jeneza linaweza kukaa mochari wiki tatu huku familia ikijipanga. Lakini asubuhi ile kujua huko hakukumsaidia.

"Miguu ilienda yenyewe," husema. "Rafiki yangu amekufa. Nilichowaza ni kwamba nitachelewa."

Urafiki wenyewe ulianzia kwenye mbaazi. Zamani, kabla hajawa jaji wa rufani ambaye magazeti yalichapisha picha na maneno yake, Nashon Rading' alikuwa hakimu kijana Lamu. Aliondoka huko na tamaa ya mahamri ambayo haikumtoka. Siku aliyoingia hoteli ya Hemed mara ya kwanza alikula kimya, akaagiza tena, kisha akauliza, "Nani amekufundisha kuweka iliki kiasi hiki?" Tangu hapo kila akipita Migori alikuwa akiketi meza ya ndani, mgongo ukutani, akivua saa na kuiweka kando ya sahani. Mwaka mmoja alimpeleka Hemed Kosele kumjulisha kwa mama yake. Hemed akarudi na jogoo.

Jumatatu ile ya mwisho jaji alikuja jioni, peke yake. Dereva wake alikuwa amepewa ruhusa. Alikunywa chai ya tangawizi, akala nusu ya kilichokuwa mbele yake, akaagiza mahamri ya kubeba ambayo angeyapitia alfajiri. Alfajiri ikapita. Hemed aliporudi kutoka msikitini na kukuta mahamri bado yako mezani, aliyachukua na kuyapeleka mwenyewe nyumba ya wageni. Mayaka, mlinzi wa pale, alimfungulia geti nusu.

"Ustadh, rudi na hizo vitu. Mteja wako ameamkia upande ule mwingine."

Hivyo ndivyo alivyojua. Aliwaeleza maafisa wa upelelezi walipokuja, akaandikisha taarifa, akaweka sahihi. Waliondoka na sukari yake, tangawizi yake, mbaazi zilizokuwa jikoni, na yale mahamri ambayo yalikuwa yamesafiri hadi Kosele na kurudi juu ya dashibodi bila mtu kuyakumbuka. Vitu vyote vilitiwa katika mifuko ya plastiki mchana kweupe, barabara ikitazama. Mwili ulipasuliwa, sampuli zikapelekwa maabara, na daktari akasema majibu yatatolewa wakati wake. Mji haukuwa na subira hiyo.

Bogonko, anayetengeneza simu kwenye kibanda kilichopakana na hoteli, ndiye aliyekuwa akimletea Hemed habari, maana wateja wake huongea huku wakisubiri.

"Leo nimepata ya Osiri," alimwambia siku moja, akijivutia kiti katika hoteli isiyokuwa na mtu. "Vijana wa machimbo. Wanasema jaji alikuwa na kesi ya shimo la dhahabu. Sasa wewe ukamtilia zebaki."

"Zebaki?"

"Ile ya kushikia dhahabu. Kijiko kimoja, kwa chai."

Hemed alifikiri kidogo. "Zebaki si huzama? Angeiona chini ya kikombe."

"Ndugu yangu, mimi nakuambia unasemwa vipi, wewe unaniuliza habari ya kuzama!"

Lakini ndivyo Hemed alivyo. Mulki, mkewe, alikuwa akilia chumbani na kupanga kumpeleka binti yao Salma kwa shangazi yake Garissa. Hemed alikuwa akitaka kujua hadithi imeanzia wapi, imepita kwa nani, na kwa nini kila ilipofika ilivaa nguo za pale. Watu wa Osiri walimpa zebaki, waliyo nayo. Muuza mbolea mmoja aliapa ilikuwa dawa ya kupulizia mahindi. Fundi wa magari alisema maji ya betri. Kila mtu alimuua jaji kwa kitu kilichokuwa katika stoo yake mwenyewe. Jambo hilo lilimfurahisha Hemed kwa namna aliyoona haya kumwambia mkewe.

Hoteli ilipungua hadi ikawa inapikia watu wa msikitini tu. Wapishi wakaondoka mmoja mmoja, kila mmoja na mgonjwa wake nyumbani. Aliyekuwa akitumwa Homa Bay kununua samaki naye akaacha, kwa hiyo Hemed akaenda mwenyewe, na hapo ufukweni ndipo alipokutana na hadithi yake uso kwa uso.

Mwanamke aliyekuwa akiuza aliitwa Liz. Alikuwa na aproni ya plastiki na kisu kirefu, na hakumjua.

"Chagua, kastama. Hii mbuta imetoka Takawiri asubuhi, bado inakutazama. Unatoka wapi?"

"Migori."

"Migori! Nyinyi ndio mnaua majaji."

Wanawake wa meza za jirani wakacheka. Hemed naye akacheka kidogo. "Nasikia. Alikufa vipi lakini?"

"Wee! Unaishi huko na unaniuliza mimi?" Liz alifurahi kuulizwa. Alianza kupaa magamba huku akisimulia. "Ilikuwa kesi ya kisiwa. Kuna matajiri walitaka Takawiri yote, wajenge mahali pa watalii. Jaji akakataa. Wakatafuta Mwarabu mmoja ana hoteli hapo kwenu. Akamwekea ile dawa wezi wa samaki wanamwaga kwa maji."

"Kwa chai?"

"Kwa chai."

"Na huyo Mwarabu yukoje?"

"Mrefu! Ndevu mpaka hapa." Alijigusa kifuani kwa mpini wa kisu. "Macho kama ya paka. Shemeji yangu alimwona."

Hemed hunyoa kila Ijumaa, na hakuna suruali aliyowahi kununua bila kuipeleka kwa fundi ikatwe miguu. Alingoja samaki ageuzwe upande wa pili.

"Na kama watu wanamsingizia? Pengine alimpa chai tu."

Liz akaweka kisu chini. Uso wake ukaacha mzaha.

"Sikiza, baba. Chai mimi sijui, sikuwa hapo. Hata hiyo ya kisiwa, pengine wananidanganya. Lakini huyo mtu alifika kwa mama ya marehemu kabla ya nduru. Kabla ya nduru! Mama anachambua mboga, yeye anauliza mazishi ni saa ngapi. Sasa wewe, kama ndio ungekuwa jaji, ungesema nini?"

Hemed alilipa. Alichukua samaki wake na kurudi kwenye pikapu, akaketi bila kuwasha injini. Kwa wiki nzima alikuwa akifuatilia zebaki na dawa ya mahindi, akiona raha ya kuzipangua moja moja. Kumbe hizo zilikuwa mapambo. Zingeanguka zote na bado yeye angebaki pale pale, kwa sababu kitu kimoja ambacho wote walikubaliana juu yake kilikuwa kweli. Alikuwa ametangulia kilio. Majibu ya maabara, hata yakija safi, hayangeligusa jambo hilo.

Alipofika nyumbani alimwambia Mulki kwamba ataenda Kosele kabla ya maziko.

"Baba Salma, umeshaenda huko mara moja ukayaleta haya. Wewe uko hai. Kaa hivyo hivyo."

Bogonko, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri kuonjeshwa samaki, alikuwa na hesabu nyingine. "Shemeji, asipoonekana kwa matanga watasema amekimbia. Watu wa huku hawaulizi nani amekuja. Wanaangalia nani hayupo."

"Na akienda wakamshika?"

"Hapo sasa," Bogonko akasema, na akaketi.

Hemed aliondoka Jumatano. Kamera ya lango ilikuwa imemfundisha adabu ya saa. Alihakikisha anafika jua likiwa juu, boma likiwa na watu. Kwenye stendi ya bodaboda ya Kosele kijana mmoja aliitambua pikapu, akasimama juu ya pikipiki yake ili sauti ifike.

"Mwarabu! Leo nani amekufa, tujue mapema?"

Stendi nzima ikaangua kicheko. Hemed alipunguza mwendo, akafikiri kumjibu, akaona kwamba swali lilikuwa limetungwa vizuri kuliko jibu lolote alilokuwa nalo. Akaendelea.

Turubai zilikuwa zimefungwa, viti vimepangwa, na kando ya jiko wanawake walikuwa wakisugua sufuria kubwa za kukodi. Japheth alimpokea mbali na nyumba, mikono nyuma. Ni mwalimu mstaafu wa hesabu, mtu mwembamba anayeongea polepole.

"Umekuja kufanya nini?"

"Kumpa mama pole. Ile ya kwanza niliikosea."

Nyuma ya bega la Japheth, kupitia mlango wa stoo uliokuwa wazi, Hemed aliona gunia lake. Lilikuwa limeegemezwa ukutani kando ya majembe, uzi wa kiwandani haujaguswa, na mfuko wa sukari juu yake. Boma lililokuwa likilisha waombolezaji tangu siku ya kwanza lilikuwa limenunua mchele mwingine na kuuacha huo. Hadi hapo hakuna kilichokuwa kimemuumiza sana, wala mifuko ya polisi wala meza tupu. Hilo lilimuumiza.

"Ni nani?" Sauti ilitoka ndani. "Ni Hemedi? Mwache aingie."

Mellen alikuwa ameketi sakafuni kwenye godoro, miguu ameinyoosha, wanawake wawili wamemzunguka. Alikuwa amepungua. Hemed aliketi chini mbele yake. Japheth alibaki mlangoni.

"Wewe ulinifanyia vibaya," mama alisema.

"Najua, mama."

"Kwenu ndio watu wanaambiwa hivyo?"

"Hapana, mama. Nilidhani umeshaambiwa. Kwetu mtu huzikwa siku hiyo hiyo. Niliogopa nitakuta mmemaliza."

"Siku hiyo hiyo!" Alisahau ukali wake kidogo. "Na watu wa mbali?"

"Hukosa."

"Na dada zake wakiwa wameolewa mbali?"

"Hukuta kaburi, wakalia hapo."

Mellen akatikisa kichwa, akawatazama wale wanawake kama anayetaka wamsaidie kuelewa. "Haraka ya nini na mtu hatarudi." Kisha akamgeukia tena. "Nyathina, mtoto wangu, nataka kukuuliza kitu. Watu wote wanakuuliza uliweka nini kwa chai. Mimi sikuulizi hiyo. Ningekuwa naifikiria usingeketi hapo. Mimi nauliza, Nashon alikuwa Migori siku mbili. Kutoka Migori mpaka hapa ni safari ya asubuhi. Kwa nini hakuja kwangu? Hapa sokoni wanasema kuna mwanamke huko. Wanasema hata mtoto. Alisema nini?"

Hemed aligundua kwamba katika kusimulia kwake kote, kwa polisi, kwa Bogonko, kwa Mulki, hakuna aliyetaka kujua jaji alisema nini.

"Kilichomleta Migori sikijui, mama. Sikumuuliza, naye hakuniambia. Alikuwa amechoka. Alikula nusu. Halafu akaniambia, nifungie mahamri kumi na mawili, yawe laini, mama hana meno ya upande wa kushoto. Akasema, nitayapitia alfajiri niende nayo Kosele."

Mellen alipeleka mkono kwenye shavu lake la kushoto.

"Alikuwa anakuja kwangu?"

"Jumanne ile ile. Mahamri yalikuwa tayari. Asipokuja kuyachukua ndipo nikampelekea, nikaambiwa. Niliyabeba hadi hapa, yalikuwa ndani ya gari. Nikashindwa kukupa."

"Yako wapi?"

"Polisi waliyachukua."

Mama hakulia. Aliuliza kama yalikuwa na iliki. Hemed akasema yalikuwa nayo. Aliuliza Nashon alivaa nini, akaambiwa sweta ya kijivu, akasema hiyo aliifuma shangazi yake. Aliuliza kama alicheka hata kidogo. Hemed alifikiri kwa bidii kabla ya kujibu, akasema alicheka mara moja, paka alipoiba kipande cha samaki meza ya pili. Kila jibu mama alilipokea, kisha akauliza swali lingine. Mlangoni Japheth alikuwa ameitoa mikono nyuma.

"Japheth," mama akasema hatimaye, "Jumamosi nani ataelezea?"

Katika maziko ya huko lazima mtu asimame aeleze marehemu aliondokaje: aliugua lini, alipelekwa wapi, alisema nini mwishoni. Watu hungoja sehemu hiyo kuliko mahubiri. Mjane wa jaji alikuwa Nairobi usiku ule, dereva hakuwepo, na familia ilikuwa imeamua Japheth aseme kwamba uchunguzi unaendelea.

"Nitasoma taarifa, mama. Tulishakubaliana."

"Hiyo si kuelezea. Ukiacha shimo, watu watajaza wenyewe. Huyu ndiye alimwona. Huyu ataelezea."

Hemed alihisi jasho chini ya kofia. "Mama, nje hapo kuna watu wanaamini ni mimi. Nikishika kipaza sauti watanirushia viti."

"Utasimama karibu na mimi. Watanipiga mimi kwanza?"

"Nitasema nilichokiona tu. Kilichomuua sikijui."

"Sema hivyo hivyo, kwamba hujui." Alimwinulia kidole. "Na useme ulifika hapa mapema kwa nini. Useme kwenu mnazika na haraka. Watakucheka. Wacha wacheke."

Hemed alimtazama Japheth. Japheth alitazama sakafu, kama mwalimu anayepitia hesabu ya mwanafunzi akitafuta ilipokosewa, na hakuonyesha kama ameipata.

"Mchele wa Ijumaa umenunuliwa?" mama akamuuliza mmoja wa wanawake.

"Bado, mama. Tunangoja pesa za kamati."

"Kuna gunia hapo stoo."

Mwanamke yule akamtazama Japheth.

"Mama, polisi..." Japheth akaanza.

"Polisi walisema lisifunguliwe?"

"Hawakusema kitu. Hawakuliulizia."

"Basi ni la nani?"

Japheth akaondoka pale mlangoni, na Hemed, aliyekuwa ameketi chini, akamwona kupitia mlango akivuka ua, akiingia stoo, akiuinua kwanza mfuko wa sukari na kumpa mtoto, halafu akijitwika gunia lenyewe mgongoni, mzee wa miaka sitini na kitu, na kulipeleka jikoni mbele ya waombolezaji wote. Wanawake wa sufuria walisogea kumpisha. Mmoja wao akaomba kisu cha kukatia uzi.

Hemed alirudi Migori jioni hiyo. Stendi ya bodaboda haikumwambia kitu. Walimtazama tu, na yule kijana wa mchana akamnyooshea kidole gumba ambacho kingeweza kuwa na maana yoyote. Majibu ya maabara bado hayajatoka. Bogonko amemletea mpya, ya kutoka Awendo, kwenye kiwanda cha sukari, kwamba ilikuwa molasi. Mulki amempigia pasi kanzu nyeupe na kusema hatamwongelesha mpaka arudi.

Mwili utaletwa nyumbani Ijumaa alasiri. Hemed ataingia bomani nyuma ya gari la maiti, na Jumamosi, tarehe 5 Julai, atazungumza baada ya Japheth, kabla ya wanasiasa.